Hela Nayo Hulipa Nauli: Historia Fupi ya Ada ya Kulipia Tiketi

Kilosa hakuna ndege ya abiria ya ratiba. Ukiwa pale mjini na unataka kuruka kwenda Mwanza, itabidi kwanza ufike Dar es Salaam au Dodoma. Lakini kabla hujatoka nyumbani, kuna msafiri mwingine anayekutangulia: hela yako. Inatoka kwenye simu au benki, inapita mikononi mwa kampuni kadhaa ambazo hutaziona, inafika kwa shirika la ndege, ndipo tiketi inatoka. Na huyo msafiri naye hulipa nauli.

Nauli yake ina majina mengi: ada ya muamala, makato, gharama za huduma, ada ya kadi. Watu wawili waliokaa viti jirani ndani ya ndege moja wanaweza kuwa wamenunua tiketi ya bei ileile, siku ileile, na bado mmoja akawa ametoa zaidi kwa sababu tu ya njia aliyolipia. Sasa jiulize: nani aliamua kwamba kulipa nako kulipiwe? Tukifuata historia ya jambo hili tutajua pia jinsi ya kulikwepa, na nani asiyeweza kulikwepa.

Dirisha la stesheni

Tuanzie kwenye reli, maana Kilosa ni mji wa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, Kilosa ikiwa moja ya stesheni zake. Baadaye likajengwa tawi la kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu.

Kwa miaka mingi tiketi ilinunuliwa dirishani kwa taslimu. Nauli ikiandikwa kiasi fulani, unatoa kiasi hicho na unapewa tiketi. Hakuna karani aliyekuambia, "Ongeza kidogo kwa sababu umelipa kwa noti."

Je, kulipa kulikuwa bure? Hapana. Shirika la reli lililipa mshahara wa karani, likanunua sefu, likagharamia ulinzi na usafirishaji wa fedha. Abiria naye alilipa kwa njia yake: alipanga foleni, alitembea na hela mfukoni akiogopa vibaka, na aliyekaa mbali alifunga safari kufuata dirisha kabla ya safari yenyewe. Gharama ilikuwepo, ila ilikuwa imeyeyushwa ndani ya nauli na ndani ya muda wa watu. Shika hoja hiyo, tutairudia: gharama ya kulipa haijawahi kuwa sifuri. Kinachobadilika ni nani anaibeba na kama inaonekana.

Kadi inaingia katikati

Watu wengi hudhani kadi zilianzia benki kisha zikafika kwenye ndege. Kumbe mashirika ya ndege ya Marekani yalikuwa na kadi yao mapema, mwaka 1936. Kampuni iliweka amana, wafanyakazi wake wakasafiri kwa mkopo, na hesabu ikaja baadaye. Mpango ule ulikuwa wa muuzaji na mnunuzi.

Mwaka 1950, pale New York, ikaanzishwa Diners Club, na hapo mtu wa tatu akaingia katikati. Mteja anakula hotelini, kampuni ya kadi inamlipa mwenye hoteli, ila inabakiza sehemu yake. Mwaka 1958 Bank of America ikawatumia wakazi wa Fresno, California, kadi takriban 60,000 ambazo hawakuwa wameziomba. Mpango huo ndio uliokuja kuitwa Visa mwaka 1976.

Sasa tuone hela inavyosafiri. Tuseme tiketi ni shilingi 200,000 na makato ya kadi ni asilimia 2 (namba hizi ni za mfano). Wewe unakatwa 200,000. Shirika la ndege linapokea 196,000. Zile 4,000 zinagawanywa: sehemu kubwa kwa kawaida huenda kwa benki iliyokupa kadi, nyingine kwa mtandao wa kadi, nyingine kwa benki ya shirika la ndege.

Ila kadi hazifanani. Kadi ya mkopo kwa kawaida humgharimu muuzaji zaidi kuliko kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kwa sababu benki inakukopesha na pengine inakupa zawadi na pointi. Kwa shirika la ndege, abiria mmoja anakula 4,000 na mwingine 1,000, ingawa wote wamenunua kiti kilekile.

Kwa miaka mingi mitandao ya kadi iliwakataza wauzaji kuongeza bei kwa mwenye kadi. Matokeo yake? Muuzaji alipandisha bei kidogo kwa kila mtu. Yaani aliyelipa taslimu akawa anamchangia mwenye kadi bila kujua.

Mchezo wa "kadi sahihi"

Nchi kadhaa ziliona hilo si haki zikalegeza katazo. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1991, Australia mwaka 2003. Wazo lilikuwa zuri: anayetumia njia ya gharama abebe gharama yake.

Mashirika ya ndege ya bei nafuu yakaona mlango. Ryanair ilitoza ada kwa karibu kila anayelipa kwa kadi, isipokuwa mwenye aina moja tu. Kwanza ilikuwa Visa Electron, kadi iliyohakiki salio kila unapolipa na ambayo benki nyingi zilitoa kwa vijana na watu wa kipato kidogo. Kwa kuwa kulikuwa na njia moja isiyo na ada, ada iliweza kuitwa ya hiari na kubaki nje ya bei ya tangazo. Watu walipoijua siri hiyo wakazitafuta kadi zile kwa bidii. Mwanzoni mwa 2010 Ryanair ikahamisha msamaha kwenda kwenye kadi za Mastercard za kujaza salio kabla, na mwaka 2011 kwenda kwenye kadi iliyobeba jina lake yenyewe. Kila abiria walipoufikia mlango, mlango ulihamishwa.

Ushahidi kwamba ada ile haikuwa gharama halisi ya kadi uko kwenye hesabu. Mwaka 2011 ilikuwa paundi 6 kwa kila abiria, kwa kila upande wa safari. Chukua familia ya watu wanne, kwenda na kurudi: 4 mara 2 mara 6, paundi 48. Lakini waliingiza kadi mara ngapi? Mara moja. Benki haijui wala haijali kwamba muamala ule mmoja umebeba watu wanne.

Mwaka 2011 shirika la kutetea watumiaji la Which? lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya Uingereza. Mwaka 2012 mashirika 12 ya ndege yalikubali kuingiza ada za kadi za akaunti ndani ya bei ya tangazo. Aprili 2013 ikaja kanuni kwamba ada isizidi gharama halisi ya muuzaji. Hatimaye, tarehe 13 Januari 2018, kumtoza ada mteja wa kawaida kwa kutumia kadi yake kukapigwa marufuku, Uingereza na kwenye Umoja wa Ulaya kwa kadi za kawaida.

Usishangilie haraka. Gharama ilirudi ilikotoka, ndani ya nauli. Ila kabla ya hapo, mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulikuwa umefanya jambo zito zaidi: uliweka kikomo kwa kile ambacho benki iliyotoa kadi inaweza kuchukua, asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Hapo nauli ya hela yenyewe ndiyo iliyoshushwa. Marufuku peke yake ingeihamisha tu.

Huku kwetu kadi ni laini

Tanzania tulipita njia nyingine. Wengi wetu hatukuwahi kumiliki kadi ya benki, tulirukia moja kwa moja kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Fastjet ilipoanza safari zake hapa Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, tiketi zikawa zinalipiwa hata kwa simu. Kwa Mtanzania wa kawaida, "kadi sahihi" ikawa laini ya simu.

Lakini simu nayo ina nauli yake, na hukatwa kwa madaraja ya kiasi badala ya asilimia moja kwa wote. Mwanzoni kulikuwa na kuta pia: hela ya mtandao huu haikuingia kirahisi kwenye mtandao ule. Ukuta ulianza kubomoka mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walipounganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia mwaka 2016.

Kisha tarehe 15 Julai 2021 serikali ikaongeza abiria mwingine kwenye basi: tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kutuma au kutoa, kutegemea kiasi. Lengo lililotajwa lilikuwa zahanati, vituo vya afya na madarasa. Malalamiko yalikuwa makubwa, watu wengi wakarudi kwenye taslimu, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuzungumza hadharani swali letu: nani abebe gharama ya kulipa?

Getini Mikumi

Sasa twende upande wa pili wa wilaya. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata katikati. Kule ndani, Kikoboga, kuna kiwanja kidogo ambapo ndege za watalii hutua.

Kama kwenye taasisi nyingine za umma, malipo ya getini yameachana na noti. Tangu mwaka 2017 serikali ina mfumo wake wa kielektroniki wa kukusanya mapato, GePG. Unapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontrol namba, unalipa kwa simu, benki au kadi, na hela inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya serikali. Faida yake haibishaniwi: hakuna sefu ya kuvunjwa, na ni vigumu kiingilio kuishia mfukoni mwa mtu.

Ila fanya hesabu ya mfano. Mwanafunzi analipa 5,000 na makato ni 200: hiyo ni asilimia 4. Mtalii analipa 90,000 na makato ni 900: asilimia 1. Wote wamelipia geti lilelile, lakini kwa uzito wa mfuko, mwenye kidogo amekatwa mara nne zaidi. Ada za madaraja mara nyingi huwa na tabia hii.

Basi ulipeje?

Historia hii inatuachia maswali manne ya kujiuliza kabla hujabonyeza "lipa".

Kwanza, bei iko katika fedha gani? Kama shirika linauza kwa shilingi, lipa kwa shilingi. Ukilipa kwa dola kutoka akaunti ya shilingi, benki yako itabadilisha kwa kiwango chake na pengine iongeze ada. Na tovuti ya nje ikijitolea kukubadilishia papo hapo, mara nyingi kiwango chake ni kibaya kuliko cha benki.

Pili, nani anatoza? Ada ya shirika la ndege au ya wakala huonekana kwenye ukurasa wa mwisho. Ada ya simu huiona kwenye simu au kwenye jedwali la makato, na ya benki mara nyingi huja baadaye kwenye taarifa ya akaunti. Jumlisha zote ndipo ulinganishe.

Tatu, ada ni kwa muamala au kwa abiria? Ikiwa ni kwa muamala, nunueni tiketi za familia kwa pamoja. Ikiwa ni kwa kila kichwa, kumbuka ile familia ya paundi 48 na utafute njia nyingine.

Nne, hela yako inapita vituo vingapi? Kutoa kwa wakala ili ukaweke benki ili ulipe kwa kadi ni kulipa nauli mara mbili au tatu. Lipa kutoka pale hela ilipo.

Maswali haya yatamsaidia mwenye njia zaidi ya moja. Lakini fikiria mama wa Kilosa mwenye simu ya batani, anayetaka kumkatia tiketi mgonjwa wake anayepelekwa Mwanza haraka. Hana kadi wala bando. Ataenda kwa kijana wa stesheni ya vifaa vya ofisi, amlipie, na kijana ataweka chake juu. Hapo hakuna "kadi sahihi" ya kuchagua. Ndiyo maana sehemu ya historia hii yenye faida kubwa kwake ni ule mwaka 2015, walipokaa wakashusha nauli ya hela yenyewe kwa kila mtu, mjanja na asiye mjanja.