Upinde wa Waingereza: shina moja, mbao mbili

Wandugu, pale tunasoma juu ya mbao, wengi tunabakia na namba moja tu kichwani: uzito wa mbao fulani kwa mita kibiki. Kama vile shina nzima ni kitu kimoja! Historia ya vita ya Ulaya inakataa.

Chukua mti wenye Wafaransa wanaita if, Taxus baccata, wa jamii kubwa ya misunobari na misipresi. Ukikata shina lake unaona rangi mbili: karibu na ganda kuna mduara mwembamba mweupe, ndani kuna moyo wa kahawia-nyekundu. Mweupe unavumilia kuvutwa, moyo unavumilia kubanwa. Basi fundi alichonga upinde pale pale kwenye mpaka: mweupe utazame adui, moyo umtazame mpiga mishale. Kamba ikivutwa, upande wa mbele unanyooshwa, wa nyuma unabanwa, kila upande unafanya kazi yake. Gundi hakuna. Mti ulijiunganisha wenyewe.

Meli Mary Rose ya mfalme Henry VIII ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, ikapandishwa 1982. Ndani yake zilitolewa pinde nzima zaidi ya 130, zote za mti huo.

Lakini angalia bei yake msituni. Fundi hakutaka if yoyote tu. Alitaka shina nyoofu, bila mafundo, pete zimekaribiana, na mpaka wa rangi mbili ufuate urefu wote wa upinde. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shina ilibakia kuni, na if nayo inakua polepole sana. Mwaka 1472 sheria ya Uingereza ikalazimisha meli za biashara zilete vipande vinne vya kuchonga pinde kwa kila tani ya bidhaa. Wafanyabiashara wakaingia misitu ya Alps na Bavaria. Katika karne ya 16, wakubwa wa Bavaria walikuwa tayari wanalalamika kama miti inaisha.

Mwaka 1595 serikali ya Elizabeth I ikaamuru askari waache pinde, washike bunduki. Watu wanasema bunduki njo iliua upinde. Mimi naona msitu pia ulichangia: bunduki ikivunjika, muhunzi anafua ingine, shina la if lenye mpaka muzuri linaomba miaka mia na zaidi. Mpaka leo, sehemu nyingi za Ulaya ya kati, kuona if porini ni nadra.