Nyumba Iliyokuwa Kiwanda

Ramani za nyumba zinazouzwa siku hizi jijini Dar es Salaam huja na chumba kinachotajwa kwa fahari: ofisi ya nyumbani. Wauzaji hukieleza kana kwamba mtu kufanya kazi mahali anapolala ni jambo lililoletwa na intaneti. Historia ya pwani yetu inasema vingine.

Katika nyumba za mawe za Lamu, ua wa ndani huitwa kiwanda, neno ambalo leo wengi wetu tunalitumia kwa jengo la saruji au nguo lenye geti na mlinzi. Kabla ya kufika uani palikuwa na daka, ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu wa biashara bila kuwaingiza kwa familia. Baadhi ya nyumba zilikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichojitenga, ambamo mfanyabiashara wa ng'ambo aliweza kulala hadi upepo wa kusi uvume na kumrudisha kwao. Huo ulikuwa usanifu wa makini kwelikweli. Biashara na familia vilikaa chini ya paa moja, lakini kila hatua ya kuelekea ndani ilihitaji ruhusa yake.

Mji Mkongwe wa Unguja, wafanyabiashara wa Kihindi waliweka duka chini, likitazama njia, na familia ikaishi ghorofani. Kariakoo nayo ilijengwa kwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Fundi cherehani alikaa barazani, maandazi yalikaangwa uani, na chumba cha mbele kiliweza kutobolewa dirisha kikawa duka.

Kilichoitenga kazi na nyumba ni sheria. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilianza kuugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya majengo, na Waingereza wakauimarisha mgawanyo huo katika miaka ya 1920. Uhindini iliruhusiwa makazi na biashara pamoja. Uzunguni ilikuwa ya makazi tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba nyumba ya heshima ni ile isiyofanyiwa kazi. (Kazi ya mpishi, dobi na yaya haikuhesabiwa.)

Uhuru haukuifuta dhana hiyo. Mwaka 1983, kampeni ya Nguvu Kazi ilipowasaka wasio na kazi mijini, kazi iliyotambulika kwa urahisi ilikuwa ile yenye mwajiri na kitambulisho. Mama wa vitumbua angeonyesha nini? Lakini katika miaka hiyohiyo mishahara ilikuwa imeporomoka, na watumishi wa umma wakaanzisha walichokiita miradi. Mabanda ya kuku na ng'ombe yakafika hadi Oysterbay, kitovu cha Uzunguni wa jana, na wenye mabanda walikuwa wakubwa wa serikali.

Ndiyo maana suala la leni mbili linaniudhi. Mshauri wa miradi mwenye kompyuta ghorofani hagongewi mlango na mtu. Mwanamke aliyeweka cherehani mbili barazani huulizwa leseni, kisha huelezwa kwamba amebadili matumizi ya ardhi.

Na hata hiyo ofisi inayosifiwa imechorwa vibaya. Katika ramani nyingi nilizoziona, mteja hana budi kupita sebuleni, katikati ya watoto na chakula, ndipo aufikie mlango wake. Baraza limeondolewa, na ua umekuwa maegesho ya gari. Fundi wa Lamu angeuliza kwanza mgeni ataketi wapi, ndipo achimbe msingi.