Chaguo za wasanidi programu: za nani hasa?

Mwalimu wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliyepewa kishikwambi kilichotumika kwenye sensa ya 2022, ana orodha nzima ya mipangilio ambayo huenda hajawahi kuiona. Ukifungua menyu huikuti. Ili itokee, aingie kwenye mipangilio, afungue sehemu ya maelezo ya kifaa, autafute mstari wa nambari ya muundo, kisha auguse mara saba mfululizo. Kwenye miguso ya mwishomwisho kifaa kitamhesabia hatua zilizobaki, halafu kitamtangazia kuwa sasa amekuwa msanidi programu. Akirudi kwenye mipangilio atakuta kipengele kipya: Chaguo za wasanidi programu.

Hajaandika hata mstari mmoja wa programu, lakini cheo amepewa. Hapo ndipo istilahi hii inapohitaji kuchunguzwa.

Orodha hii haikuwa imefichwa tangu mwanzo. Kwenye matoleo ya awali ya Android ilikuwa wazi kwa kila mtu, mpaka toleo la 4.2 lilipotoka Novemba 2012. Sababu za kuificha zinaeleweka. Ndani yake mna utatuaji wa USB, unaoiwezesha kompyuta iliyounganishwa kwa waya kuiamrisha simu: kuisakinishia programu, kusoma kumbukumbu za mfumo, kunakili mafaili. Mna kikomo cha programu zinazoruhusiwa kuendelea kufanya kazi chinichini. Ukikibana sana, ujumbe unaweza kuchelewa kukufikia na wewe ukadhani mtandao ni mbovu. Lakini mna pia mambo mepesi yenye faida kwa yeyote. Muda wa mwendo wa madirisha yanapofunguka na kufungwa unaweza kupunguzwa hadi nusu, na simu kuukuu ikaonekana imeamka. Mafundi simu wanaujua ujanja huo, na kinywani mwao hakuna msanidi: wanasema “washa divelopa”, wakaeleweka.

Kwenye kompyuta jambo ni lilelile, na kwa maoni yangu ndiko hasara ya kufichwa inakoonekana zaidi. Tangu Microsoft Office ya 2007, Word ina kichupo cha wasanidi ambacho hakionekani kwenye utepe mpaka mtumiaji akiwashe. Kwenye matoleo ya 2010 na kuendelea, unaingia kwenye faili, kisha chaguo, kisha sehemu ya kuurekebisha utepe, unatia alama kwenye kisanduku kimoja, basi. Ukishakiwasha unapata visanduku vya kutia vema kwa kubofya, orodha za kushuka zenye majibu yaliyokwisha kuandikwa, na sehemu ya kujazia tarehe kwa kuchagua siku kwenye kalenda.

Sasa fikiria kazi inayofanyika kwenye maduka ya steshenari katika senta zetu: fomu ya mwanafunzi anayejiunga na shule, fomu ya mkulima kwenye chama cha msingi cha kahawa, fomu ya mkopo wa kikundi. Mchapaji anavuta mistari ya kujazia kwa kubonyeza kitufe cha kistari mara hamsini, na jina refu likiandikwa juu yake mistari yote inasukumwa na ukurasa unavurugika. Zana ya kumwondolea kero hiyo imo kwenye programu ileile aliyoifungua. Kinachomzuia si uwezo wake. Hata akiliona jina la kichupo, linamwambia kuwa hayo ni ya watu wengine.

Tahadhari ina sababu, sikatai. Kwenye kichupo hichohicho ndiko ziliko makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka, na mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kwa barua pepe kikiwa kimejificha ndani ya waraka wa Word. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za nyaraka zinazotoka kwenye intaneti. Lakini kisanduku cha kutia vema na makro ni vitu viwili tofauti kabisa. Vimewekwa chumba kimoja kwa sababu tu vyote huundwa na anayeandaa waraka.

Turudi kwenye istilahi yenyewe. Neno msanidi lina mvuto wake: ni fupi, limeundwa kwa kanuni za lugha, na linamtenga anayeunda programu na fundi anayekarabati kifaa. Shida ni kwamba kitenzi sanidi kina kazi nyingine kwenye tafsiri za programu, kwani hutumika pia kwa kuandaa kifaa kabla ya kukitumia: unasanidi printa, unasanidi akaunti ya barua pepe. Kwa maana hiyo ya pili, mchapaji wa steshenari anayepanga fomu yake ni msanidi halali. Likiongezwa neno programu, maana hiyo inakatwa na mlango unamfungia nje. Na kuhusu chaguo, wapo wanaosema machaguo. Mimi naona zote mbili zinasemeka na sitaligombania hilo.

Kuiita orodha hii mipangilio fiche nako hakufai, kwa kuwa jina hilo ni pana mno. Kwenye simu nyingi za Android, ukipiga *#*#4636#*#* unafunguliwa ukurasa wa majaribio unaokuwezesha, miongoni mwa mengine, kuchagua aina ya mtandao. Katika vilima ambako mawimbi ya 4G yanakuja na kukatika, mtu anaweza kuifunga simu yake kwenye 3G ikatulia. Huo nao umefichwa, lakini haumo kwenye chaguo za wasanidi.

Mimi ningependekeza mipangilio ya kiufundi. Inaitaja kazi, haimtaji mwenye kazi. Ndani yake mna ufundi, neno ambalo kila Mswahili analijua kuwa ni ujuzi wenye uangalifu, na linaruhusu mtu aupate kwa kujifunza bila kubadili ajira. Msanidi abaki kuwa jina la mtu anayeunda programu, huko linamfaa. Katika kamusi ningeliingiza pendekezo langu hivi:

*mipangilio ya kiufundi* nm: sehemu ya programu au kifaa, kwa kawaida iliyofichwa, yenye zana za kuunda, kupima au kurekebisha mambo ambayo menyu ya kawaida haiyagusi. Huwashwa na mtumiaji mwenyewe. Utatuaji wa USB uzimwe kazi inapokwisha, na baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka mipangilio hii ikiwa imewashwa.