Dhahabu ya Ulundi

Mwaka 1991 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa Civilization, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Sid Meier na Bruce Shelley. Mchezaji huanza mwaka 4000 K.K. na walowezi wachache, akajenga miji na kupigana hadi enzi ya vyombo vya anga. Kazi hiyo haiishi kwa usiku mmoja, hivyo dola nzima huhifadhiwa katika faili.

Faili hilo halikuwa na kufuli. Ukilifungua kwa programu ya kuhariri baiti, ulikuta namba tupu za mfumo wa kumi na sita. Mwenye dhahabu 1,000 alitafuta E8 03. Namba yenyewe ni 03E8, ila vichakato vya Intel hutanguliza baiti ndogo. Au alihifadhi mara mbili, kabla na baada ya kutumia fedha, akalinganisha. Akabadili, akawa tajiri. Tamaa nayo ilikuwa na mpaka: baiti mbili zinazohesabu hasi na chanya hazivuki 32,767.

Wapo wanaoita huu wizi. Mimi siungi mkono. Wabunifu wenyewe walikwisha kuihariri historia walipomweka Shaka, aliyeuawa mwaka 1828, katika mwaka 4000 K.K.

Mimi nilimjazia Shaka hazina bila haya. Waingereza waliichoma Ulundi mwaka 1879. Nilitaka kuiona ikirusha chombo kwenda Alpha Centauri kabla ya London. Kiliruka. Waingereza walikuwa bado na mizinga ya magurudumu.