Julai ya Chicago, Februari ya Dar

Bibi yangu mzaa mama aliletwa Dar es Salaam kutoka Tanga kwa ajili ya macho. Alitolewa mtoto wa jicho, akapangiwa kurudi kliniki kila baada ya muda, na mjomba akaona hakuna haja ya kumpandisha basi kila mara. Akamwekea kitanda chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu, Upanga. Feni mpya, televisheni, friji yenye maji baridi. Kwa hesabu za mjomba, bibi alikuwa amepata kila alichokikosa Ngamiani.

Alichokuwa nacho Ngamiani ni baraza. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikaa hapo na ungo wake baada ya alasiri, na hakuna aliyepita bila kutoa shikamoo. Mtu asipopita siku mbili, bibi alimtuma mtoto akaulize kulikoni. Sisi wajukuu tulimwita polisi jamii, naye hakupenda.

Februari ya mwaka juzi mjomba alisafiri kikazi, na dada wa kazi akaenda kwao msibani. Mimi nakaa si mbali, nikaambiwa niwe napita. Nilipita kweli, mara mbili, nikiwa ndani ya bajaji. Niliangalia juu nikaona madirisha yamefungwa, nikajiambia amelala. Umeme ulikuwa ukikatika asubuhi na kurudi usiku, na lile joto la mwisho wa kaskazi, upepo unapokufa, lilikuwa limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Siku ya tatu nilipanda ngazi. Adabu inasema hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Nilibisha ya tatu, nikawa nimeshageuka, ndipo niliposikia kitu kimeanguka ndani.

Nilimkuta amelala kwenye sakafu ya korido na kanga moja, midomo imekauka hadi imepasuka. Alifunga madirisha kwa kuogopa vibaka. Siku zote huniita mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku ile aliniita hivyo bila utani: alinidhania babu, aliyefariki mwaka 2004, na alikuwa ananilaumu kwa kuchelewa kurudi.

Alipona. Dripu mbili kwenye zahanati, na siku tatu za uji na maji ya dafu. Daktari kijana aliniuliza nani alikuwa anakaa naye, nami nikaangalia ukutani. Aliponiuliza dawa anazotumia nilimtajia za presha, akatikisa kichwa. Baadhi ya dawa hizo hutoa maji mwilini. Mzee hasikii kiu kama kijana, na jasho lake ni haba. Hewa ikiwa na unyevu mwingi hata hilo jasho dogo halikauki, na lisipokauka halipozi kitu. Moyo hubaki kusukuma damu kuelekea kwenye ngozi ili joto litoke, saa baada ya saa, mpaka uchoke.

Miezi michache baadaye nilisoma kitabu cha Eric Klinenberg kiitwacho Heat Wave. Klinenberg ni mwanasosiolojia aliyezaliwa Chicago, na kitabu hicho cha mwaka 2002 kinahusu wiki moja tu ya Julai 1995 katika jiji hilo. Nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza nilichokifanya, au tuseme nisichokifanya. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu wiki ile.

Alhamisi, tarehe 13 Julai, kipimajoto kilifika nyuzi 41. Ukijumlisha unyevu, mwili ulihisi zaidi ya nyuzi 50. Msomaji wa Dar atasema nyuzi 41 ni nyingi ila si maajabu ya dunia. Tatizo ni kwamba Chicago ni mji uliojengwa kwa kuiogopa baridi. Nyumba zake nyingi ni za matofali, hukusanya joto mchana na kulirudisha ndani usiku, na usiku wa siku zile haukupoa. Aliyekaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la lami, alikuwa ndani ya tanuri.

Watu walifungua mabomba ya zimamoto mitaani, zaidi ya 3,000, watoto wakaoga barabarani. Presha ya maji ikashuka, majengo mengine yakakauka kabisa. Mafundi wa jiji walipotumwa kuyafunga, sehemu nyingine walipokewa kwa mawe. Viyoyozi viliulemea umeme, ukakatika kwa makumi ya maelfu ya nyumba. Magari ya wagonjwa hayakutosha, na hospitali 23 zilifika mahali pa kutopokea wagonjwa wapya wa dharura. Jiji lilikuwa na mpango wa dharura ya joto, umeandikwa kabisa. Haukutekelezwa.

Kisha wakaanza kuletwa waliokufa. Chumba cha maiti cha kaunti kilikuwa na nafasi 222. Ilipofika mwisho wa wiki magari ya polisi yalipanga foleni nje yakisubiri kushusha miili, na ikabidi yaletwe malori ya friji, yale ya kubebea nyama, yapaki uwanjani. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo, Edmund Donoghue, alikuwa anatangaza hesabu kila siku. Meya Richard M. Daley alizitilia shaka mbele ya waandishi: kwamba huwezi kumhesabu kila aliyekufa kuwa ameuawa na joto. Wataalamu wa afya wa serikali kuu walipozipitia waliona Donoghue yuko sahihi, na kama alikosea basi alihesabu pungufu. Hesabu inayotajwa hadi leo ni watu 739, waliozidi idadi ya kawaida ya vifo kwa wiki moja. Kamishna wa huduma za jamii wa jiji alisema watu wamekufa kwa kujipuuza wenyewe. Baadaye aliomba radhi.

Kauli hiyo niliisoma mara kadhaa. Ni kauli ya mtu anayetafuta pa kuweka mzigo, na mimi ninaifahamu, kwa sababu jioni ile zahanati nilimwambia mjomba kwenye simu kwamba bibi ni mbishi, hafungui madirisha.

Wapo waliofanya kazi ngumu zaidi ya kulaumu. Watafiti walizunguka Chicago nyumba kwa nyumba, wakimlinganisha kila aliyekufa na jirani wa umri wake aliyebaki hai. Walichopata kilichapishwa mwaka 1996. Kiyoyozi kinachofanya kazi kiliokoa watu, hilo lilitarajiwa. Lakini aliyeishi peke yake, asiyetoka nje kila siku, asiye na usafiri, asiye na rafiki wa karibu, alikuwa katika hatari kubwa zaidi. Na aliyekuwa na kikundi chochote, kanisa, klabu, chochote kile, alikuwa na kinga. Yaani kama ungetaka kukisia nani atakufa, ungeuliza pia nani humtembelea.

Klinenberg alichukua swali hilo akalipeleka mitaani. Sehemu mbili za upande wa magharibi zimepakana: North Lawndale na South Lawndale, ambayo wenyeji huiita Little Village. Joto ni lile lile. Zote zilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao kwa viwango vinavyokaribiana. North Lawndale walikufa watu 19. Little Village watatu. Ukipima kwa wakazi, vifo vya upande mmoja vilikuwa mara kumi ya upande wa pili.

North Lawndale ni mtaa wa watu weusi, na Martin Luther King aliwahi kupanga nyumba pale mwaka 1966, akipigania makazi. Alipouawa mwaka 1968 vurugu ziliteketeza maduka, na mengi hayakujengwa tena. Kampuni kubwa zilizoajiri watu wa pale zikafunga au zikahama. Waliokuwa na uwezo wakaondoka. Viwanja vitupu vikaota majani, wauza dawa wakachukua kona za barabara, na mzee aliyebaki alijifunza kukaa ndani, madirisha yamepigwa misumari. Little Village, mtaa wenye Wamexico wengi, ulikuwa na Barabara ya 26 iliyojaa maduka, mikate, mboga, watu wa kila rika. Mzee akitoka pale kuna pa kwenda, na akifika kuna atakayemwona.

Katika wiki ile watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa robo ya wakazi wa jiji lakini takriban asilimia 2 tu ya waliokufa. Hapo ndipo msomaji wa huku kwetu anapokunja nne na kusema: unaona, Wazungu hawana undugu, wenzetu wana familia. Mimi pia nilifurahi kidogo nilipofika ukurasa huo. Furaha yenyewe haikudumu. Auburn Gresham ni mtaa wa Chicago wenye karibu watu weusi watupu, na nao ulivuka wiki ile kwa vifo vichache sana, wakati Englewood, jirani yake wa rangi ile ile, ulizika wengi. Auburn Gresham haukuwa umevunjika. Watu hawakuwa wamehama, maduka yalikuwa wazi, na mtu alimjua aliye nyumba ya pili. Mila haikuwa na kazi kubwa kuliko duka la jirani na njia ya kupita iliyo salama.

Kuna jambo jingine lililonikaa. Wanawake wazee wanaoishi peke yao walikuwa wengi kuliko wanaume, lakini wanaume ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa, kama mara mbili. Mwanaume akistaafu, akiachwa au akifiwa, mara nyingi hana wa kumpigia simu. Nimewafikiria wajomba zangu mmoja mmoja.

Jiji lilijifunza, angalau kwa muda. Joto kali liliporudi mwaka 1999, Chicago ilifungua vituo vya kupozea watu, ikaweka mabasi ya bure ya kuwapeleka huko, ikawapigia wazee simu, ikatuma polisi wabishe milango ya wanaoishi peke yao. Walikufa takriban 110. Ni wengi, ila si 739. Ufaransa haikuwa imejifunza: Agosti 2003, familia nyingi zikiwa likizo, joto liliua karibu watu 15,000 nchini humo, wengi wao wazee.

Nikisoma habari za polisi wa Chicago kubisha milango, nilimkumbuka balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo uliwekwa na TANU miaka ya 1960, na mama anasema balozi wao Ngamiani alijua nani amelala njaa na nani ana mgeni. Alijua pia nani kasema nini, na hilo si la kulipaka sukari. Wengi hawakulia ulipobaki kuwa jambo la chama. Lakini kwenye lile ghorofa la Upanga kuna fleti kumi na mbili, na siku ile ya Februari hakuna hata mtu mmoja mwenye wajibu, wa chama au wa Mungu, wa kujua kwamba mlango wa fleti ya nyuma haujafunguliwa kwa siku tatu. Kuna mlinzi getini. Kazi yake ni kuangalia wanaoingia.

Nilimsimulia bibi habari za Chicago jioni moja. Nilimwambia kuhusu miili ambayo haikudaiwa na ndugu, kwamba maofisa walilazimika kupekua vyumba wakitafuta barua au namba ya simu, na kwamba mwezi Agosti watu 41 waliokufa kwa joto walizikwa katika handaki moja refu huko Homewood, kusini mwa jiji, pamoja na maskini wengine. Alinyamaza kwa muda.

“Waliwaosha?” aliuliza.

Nilimwambia sijui, bibi.

“Hao majirani,” akasema, “walikuwa wapi?”

“Walikuwepo.”

Siku hizi bibi hakai chumbani. Alasiri hutoa kigoda chake na kukaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, ambapo upepo wa dirisha la ngazi hupita. Ana ungo, hata pasipokuwa na mchele wa kupepeta. Watoto wa shule wakipanda humpa shikamoo, na ameshayajua majina yao yote. Mwezi uliopita mpangaji mmoja aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha jengo kwamba kuna kigoda kinaziba njia, si usalama, hasa moto ukitokea. Wawili wakaweka dole gumba. Mjomba amenipigia mara mbili kuniomba nizungumze na bibi, maana mimi ananisikia. Nimemwambia nitapita.