Mtoto wa Shamba la Chai

Sisi tuliopita Nyarushishi tunaijua chai. Milima yote pale ni kijani. Lakini historia ya mtoto anayekulia katikati ya ile kijani, wengi hatujaambiwa.

Chai ilianza kulimwa Rwanda mwaka 1952. Hapa Rusizi tuna Shagasha na kiwanda chake. Sasa chai haingoji: jani likichumwa linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, na mchumaji analipwa kwa kilo. Mvua ikinyesha sana, majani yanajaa na mikono haitoshi. Hapo ndipo mtoto anaitwa: huyu abebe kikapu kwenye mteremko wenye utelezi, yule abaki nyumbani na mdogo wake mgongoni. Shule inangoja.

Serikali ilijibu kwanza kwa shule. Mwaka 2003 ada ya shule ya msingi iliondolewa. Mwaka 2009 ikaja elimu ya miaka 9, na mwaka 2012 ikawa 12. Halafu sheria: umri wa kuajiriwa ni miaka 16, na kazi za hatari ni marufuku chini ya 18. Ni hatua kubwa. Ila daftari, sare na chakula bado vinataka pesa, na sheria haimbebi mtoto mchanga.

Mradi wa REACH-T wa shirika la Winrock, kwa fedha za Wizara ya Kazi ya Marekani, ulilielewa hilo. Kati ya 2013 na 2017 ulifanya kazi kwenye wilaya 12 za chai. Haukuishia kusema "mtoeni mtoto shambani". Ulirudisha watoto masomoni, na vijana wa miaka 16 na 17 wakafundishwa kilimo kwa vitendo. UNICEF na bodi ya NAEB nao wakasukuma vituo vya kulelea watoto wadogo karibu na mashamba.

Kwetu kambini ni vilevile. Mama akitoka alfajiri kutafuta kibarua, binti yake ndiye anabaki mlezi. Kwa hiyo ninyi ndugu zetu wa misaada, mkiandika jina la mtoto aliyeacha shule, ulizeni pia: mdogo wake anashikwa na nani? Na sisi vijana tusingoje mradi. Mama watano wakipeana zamu ya kulea, mabinti watano wanaingia darasani.