Fahamu alama za Mwalimu Nyerere Kasulu na Kibondo: darasa, kijiji na mpaka

Kila Oktoba 14 shule zinafungwa, picha ya Nyerere na kifimbo chake inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, halafu kesho yake maisha yanaendelea. Butiama tunaijua, Pugu tunaijua. Kigoma inatajwa kidogo sana.

Hakuzaliwa huko na hakushika chaki huko. Lakini ukipita Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Buha, utakuta maamuzi yake kwenye ramani ya kijiji, kwenye daftari la bibi aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, na kwenye barabara ya Makere inayoelekea kambi ya Nyarugusu.

Mwalimu kwanza, Rais baadaye

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922. Shule alianza amechelewa: alikuwa na miaka 12 alipoingia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu.

Kuanzia 1946 alifundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uingereza, na kurudi 1952 na shahada ya uzamili, wakati Watanganyika Waafrika wenye elimu ya chuo kikuu wakihesabika kwa vidole. Akapangiwa St. Francis, Pugu.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, yeye akiwa bado mwalimu wa Pugu. Machi 1955 alihutubia Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi akatakiwa achague: shule au siasa. Akaacha kazi. Miaka mingi baadaye alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimkuta tu. Jina la Mwalimu halikumtoka tena.

Buha ya manamba

Ili uelewe kwa nini elimu ilikuwa jambo zito huku, lazima ujue Buha ilikuwa nini wakati wa mkoloni. Ilikuwa ghala la nguvu kazi. Vijana wa Kiha waliandikishwa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mwendo wa siku kadhaa kwa lori na treni. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine hawakurudi kabisa. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake.

Shule zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za misheni, kama Kabanga kule Kasulu. Mtoto wa mbali na misheni alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuiona chaki. Na hilo halikuwa la Buha peke yake: kwa hesabu aliyoitoa Nyerere mwenyewe, wakati wa uhuru Desemba 1961, watu wazima 85 kati ya 100 hawakujua kusoma.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria nchi nzima. Heru, eneo la Kasulu, ilikuwa na mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare. (Yeye anastahili makala yake peke yake.) Utawala wa mwami ukaisha, chama na serikali vikashika nafasi.

Kisomo cha ngumbaru

Machi 1967 Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa rahisi: shule ya mkoloni ilimfundisha mtoto kukimbia kijiji, na wengi waliokimbia hawakupata pa kufikia. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Hapo ndipo Mwalimu wa Pugu alipopata darasa la nchi nzima. Mtu aliyetoka shambani alikaa jioni kwenye dawati la mwanaye, akishika penseli kwa vidole vilivyozoea jembe. Aliyemfundisha mara nyingi hakuwa mwalimu wa kusomea, alikuwa tu jirani aliyemaliza darasa la saba. Kule Buha kulikuwa na kazi ya ziada: masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na wazee wengi, hasa wanawake ambao hawakuwahi kwenda mkonge, walikuwa wanaongea Kiha. Kwa hiyo walijifunza herufi na lugha kwa pamoja.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka somo redioni: vikundi vinasikiliza, vinajadili, kisha vinaenda kuchimba choo. Novemba 1974 Azimio la Musoma likasema kila mtoto aingie shule ya msingi, na 1977 mpango wa UPE ukaanza rasmi.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Watu wakawacheka. Mpaka leo ukimwambia mtu "wewe ni wa UPE" hujamsifu. Mimi naona ni kejeli isiyo na haki, maana hao wanaochekwa ndio waliofungua mlango kwa familia ambazo hazikuwahi kuwa na msomaji hata mmoja.

Operesheni Kigoma

Hapa heshima lazima iende na ukweli. Waha waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na migomba yake. Serikali ilitaka watu wakae pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo: Operesheni Kigoma ilianza 1972, kabla Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima.

Mgomba hauhami kama sufuria. Mtu aliyeacha shamba la baba yake na kupewa kiwanja kando ya barabara alianza moja. Sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Mwaka 1967, kwenye maandishi yake, Nyerere alikuwa amesisitiza kwamba ujamaa hauwezi kulazimishwa. Miaka sita baadaye serikali yake ikalazimisha. Na shule zilizojengwa kwenye vijiji hivyo ndizo zilizosomesha kizazi kilichofuata. Mambo haya mawili yapo pamoja, huwezi kuchukua moja ukaacha jingine.

Mpaka ulioachwa wazi

Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwaleta maelfu kwa maelfu Kigoma. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo wengine walipokelewa majumbani kabla serikali haijafika. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakapewa ardhi ya kulima. Mwaka 1983 Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliowatendea wema wakimbizi. Heshima alipewa yeye. Mzigo waliubeba wenyeji waliogawana nao kuni, maji na ardhi.

Alipoondoka Ikulu Novemba 1985 hadithi haikuisha. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na wilaya za Kibondo na Kasulu zikajaa kambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila, Muyovosi. Mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa Wakongo. Ndani ya kambi watoto walisoma mitaala ya kwao, Kifaransa kikiwemo, wakati watoto wa kijiji cha jirani wanaimba kwa Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 1996 Nyerere, sasa mzee wa miaka 74, alikuwa msuluhishi wa Warundi. Haikuwa kazi ya sifa. Serikali ya Pierre Buyoya haikumwamini, ikimwona anaegemea upande mmoja. Mazungumzo yalianzia Mwanza, na kuanzia Juni 1998 yakawa Arusha, raundi baada ya raundi.

Alifariki London Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu, mkataba ukiwa haujasainiwa. Nelson Mandela akaichukua kazi hiyo na mkataba ukasainiwa Arusha, Agosti 28, 2000. Kuanzia 2002 Warundi wengi walianza kurudi kwao, na mwisho wa 2012 Mtabila ikafungwa.

Mwaka 2015 machafuko yalirudi Burundi. Nyarugusu ikafurika watu zaidi ya laki moja, na Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa tena.